Shangazi, eksirei ni safi, mbona bega langu linatoka?

Shangazi, shikamoo. Na wasomaji wako wote, mbukwenyi.

Mimi ni mama wa miaka 31, nimeolewa, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Ni fundi cherehani, nashonea kibarazani kwa cherehani ya miguu. Nina binti mmoja wa miaka 9.

Tangu utoto viungo vyangu vinapinda kuliko vya watu wengine. Nilipokuwa nasoma Mpwapwa wenzangu waliniita Mpira. Nilikuwa nalaza kidole gumba mpaka kinagusa mkono, naweka mguu nyuma ya shingo, watu wanacheka wananipa karanga. Mama yangu mzazi naye alikuwa hivyo hivyo. Wakati ule hakuna kilichouma.

Maumivu yalianza nilipopata mimba. Nyonga ziliuma mpaka nikawa natembea kwa kushika ukuta. Nilidhani nikijifungua yataisha, lakini ndiyo kwanza yakasambaa. Sasa magoti yanarudi nyuma nikisimama kukata kitambaa, kifundo cha mguu kinateguka hata kwenye njia iliyonyooka, na bega la kulia linatoka nikivuta dumu la maji au nikijigeuza vibaya usingizini. Linarudi lenyewe, ila siku hiyo mkasi siushiki. Uchovu ndio usiseme, naamka kama niliyelima usiku kucha. Nikiinuka ghafla naona giza. Hata nilipong'olewa jino, sindano ya ganzi haikushika, nikaonekana najidekeza.

Hospitali nimekwenda, tena zaidi ya moja. Eksirei safi, damu safi. Daktari mmoja alinichoma sindano begani, nikapata nafuu. Nikarudia, nikarudia, ya mwisho haikusaidia kitu. Mwingine aliniambia mbele ya mume wangu, "Mama, huna ugonjwa, punguza mawazo." Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mama mkwe anasema wazi kuwa mimi ni mvivu, eti wanawake wa Kigogo wamebeba maji na kuni tangu dunia iumbwe. Bega likitoka anabadilisha, anasema nimechezewa, twende kwa mtu wa Bahi nikachanjwe chale. Mume wangu si mtu mbaya, lakini neno la daktari ndilo analolishika. Na anataka mtoto wa pili. Mimi naogopa.

Binti yangu anapinda kama mimi. Yumo kwenye kikundi cha ngoma na sarakasi shuleni, wageni wakija yeye ndiye anayewekwa mbele. Usiku analia miguu inamuuma, namkanda, asubuhi anaamka anakimbia. Mwalimu analalamika kuwa ana mwandiko mbaya na hatulii mstarini. Juzi amepigishwa magoti kwa kutomaliza kunakili.

Nisaidie Shangazi. Huu ni ugonjwa au ni uvivu? Mtoto nimtoe kwenye sarakasi? Na huyo wa pili nizae au niache?

Mwanao, Fundi wa Nzuguni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile linalokuuma kuliko bega. Wewe si mvivu, na maumivu yako hujayatunga kichwani. Mtu ambaye bega limemtoka usiku na asubuhi bado anakaa kwenye cherehani, uvivu wake uko wapi? Nimefanya kazi ya mazoezi tiba miaka mingi, na habari kama yako nimeisikia kwa wanawake wengi, karibu wote wakiwa na bahasha ya eksirei safi mkononi na aibu usoni. Inaniuma kila ninapoisikia.

Eksirei inaonyesha mifupa. Mifupa yako ni mizima, kwa hiyo picha ilikuwa lazima itoke safi. Kile kipimo cha damu nacho hutafuta dalili za magonjwa kama baridi yabisi, na kwako hazikuwepo. Hapo madaktari hawakukosea. Kosa ni kuishia hapo, wakati bega lenyewe hakuna aliyelishika akalizungusha. Kinachofunga mfupa na mfupa ni kano na mfuko mgumu unaozunguka kiungo, na vyote vimejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Wapo watu wanaozaliwa na kolajeni laini kuliko ya wenzao. Wewe ni fundi, utanielewa haraka: ni sketi iliyotiwa lastiki laini tangu inashonwa. Lastiki hiyo hatuwezi kuifumua tukatia nyingine, lakini tukifunga mkanda imara juu yake, sketi inakaa kiunoni. Mkanda wako ni misuli. Karibu kila nitakachokuambia kinarudi hapo.

Kupitia barua siwezi kukupa jina la ugonjwa, ila naweza kukuonyesha daktari atakachoangalia. Kipo kipimo cha alama 9 kisichohitaji mashine. Kidole kidogo kikiinuliwa nyuma kikasimama wima kupita digrii 90, alama moja kwa kila mkono. Kidole gumba kikilala mpaka kikagusa mkono kwa ndani, si kiganjani bali kati ya kifundo cha mkono na kiwiko, moja kwa kila upande. Kiwiko kikinyooka kupita kiasi, zaidi ya digrii 10, vivyo hivyo. Magoti yakirudi nyuma kwa kiasi hicho, vivyo hivyo. Ya tisa ni kuinama magoti yakiwa yamenyooka na kulaza viganja vyote chini. Kwa mtu mzima wa chini ya miaka 50, alama 5 na kuendelea zinahesabiwa kuwa ulegevu wa viungo. Kwa mtoto ambaye hajabalehe ni 6. Kinaitwa kipimo cha Beighton, kwa jina la profesa aliyefanya kazi Cape Town. Yeye na wenzake walikitumia kuwapima Watswana wa kijijini Afrika Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Nakitaja kwa sababu nimewahi kusikia watu wakisema haya ni magonjwa ya Wazungu. Waafrika wengi viungo vyao ni vilegevu, hasa wanawake na watoto, na walio wengi hawaumwi popote mpaka wanazeeka. Kwa hiyo kupinda peke yake si ugonjwa. Inakuwa shida pale yanapofuata maumivu ya muda mrefu, kuteguka mara kwa mara na uchovu usioisha kwa kulala, kama ulivyoandika.

Shida ya namna hiyo madaktari huipa jina moja kati ya mawili: ulegevu wa viungo wenye dalili, au ugonjwa wa Ehlers-Danlos, uliopewa majina ya madaktari wawili wa ngozi, mmoja wa Denmark na mmoja wa Ufaransa. Kwa mpangilio wa kimataifa wa mwaka 2017, Ehlers-Danlos ina aina 13. Aina ya viungo vilegevu, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi, bado haina kipimo cha damu wala cha vinasaba; hutambuliwa kwa macho, kwa mikono na kwa historia ya ukoo. Usikose usingizi ukitafuta ni jina lipi kati ya hayo, maana matunzo yake yanafanana. Ila ipo aina moja adimu inayodhoofisha mishipa ya damu, na hiyo ni hatari. Muulize mama yako: kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana kwa mshipa mkubwa au utumbo kupasuka? Kuna walio warefu sana, wenye vidole virefu vyembamba na shida ya macho au moyo? Jibu likiwa ndiyo, mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Sasa nenda hospitali, lakini uende kwa namna nyingine. Omba rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale tunapopaita General, au Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma, na omba kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, pamoja na daktari wa mifupa. Usianze na "ninaumwa mwili mzima", maana ukisema hivyo unaandikiwa dawa ya maumivu na anaitwa mgonjwa mwingine. Anza na bega: linatoka nikifanya nini, linarudi vipi, mama yangu alikuwa hivi, mwanangu yuko hivi. Kisha fanya jambo moja la muhimu sana. Siku bega likitoka tena, mume wako alipige picha kwa simu, mbele na pembeni. Likiisha kurudi mahali pake hakuna wa kukuamini. Picha hiyo itamsaidia daktari, na aliyeipiga naye hatasahau alichokiona. Likigoma kurudi, au mkono ukifa ganzi na kuwa wa baridi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na usikubali mtu alivute nyumbani.

Sindano za bega zisimamishe mpaka umwone mtaalamu. Kama zilikuwa za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na mara nyingi huwa ndizo, zikirudiwarudiwa zinadhoofisha kano, na zako tayari ni laini. Vidonge vya diklofenaki visiwe chakula cha kila siku, vinaharibu tumbo na figo. Chale hazifiki kwenye kano, mwanangu. Zitakuachia kidonda, na ngozi ya watu wa aina yako mara nyingi hupona taratibu.

Mazoezi ndiyo dawa yenyewe, na hapa wengi hukosea. Mtu akiumwa viungo anaambiwa ajinyooshe. Wewe umeshanyooka vya kutosha, unatakiwa kukaza. Kaa kitandani mguu ukiwa mbele, kunja kitenge ukiweke chini ya goti, likandamize goti kwenye kitenge, hesabu mpaka 5, achia. Simama mbele ya ukuta, weka viganja usawa wa kifua, jisogeze na kujirudisha polepole, viwiko visifike mwisho wa kunyooka. Inuka kitini bila kushika popote, ukae tena taratibu kama kiti kina yai. Halafu simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta wakati unasubiri ugali uive. Hili la mwisho usilidharau. Mwenye viungo vilegevu mwili wake hauna taarifa nzuri ya mguu uko wapi, ndiyo maana unateguka kwenye njia iliyonyooka, na kusimama hivyo kunaufundisha. Anza na machache mno, hata ujione unapoteza muda. Maumivu yakidumu mpaka kesho yake, ulizidisha, punguza nusu. Usitegemee mabadiliko ndani ya wiki mbili. Hesabu kwa miezi. Ninachokiogopa zaidi ni ile siku utakayojisikia mzima, ukafua, ukamwagilia, ukashona sare za mahafali mpaka usiku, kisha ukalala siku tatu. Gawa kazi hata siku njema.

Kwenye cherehani, inua kiti ili nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na usikanyagie mguu mmoja tu. Noa mkasi, mkasi butu unavunja vidole. Vishikio uvizungushie vipande vya kitambaa mpaka viwe vinene. Ukisimama kukata, legeza magoti kidogo tu. Ukiyaacha yarudi nyuma, unasimamia kano badala ya misuli. Na maji, najua foleni ya bomba Dodoma haimsubiri mtu, lakini dumu la lita 20 ni kilo 20 zinazolivuta bega lako chini. Chukua madumu ya lita 10, au lipia toroli siku za zamu ya maji. Fedha hiyo ni ndogo kuliko siku moja bila kushona.

Lile giza ukiinuka nalo lipimwe. Mwombe muuguzi akupime presha na mapigo ya moyo ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama dakika 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi bila presha kushuka sana, daktari ajue. Hali hiyo huwapata wengi wenye viungo vilegevu. Wakati huo unywe maji ya kutosha, hasa kwa jua letu la Oktoba, na usitoke kitandani kwa mkupuo. Chumvi usiongeze mpaka presha ijulikane. Ganzi iliyogoma kwa jino pia ni jambo linalofahamika kwa watu wa namna yako. Mwambie kila atakayekuchoma au kukushona kabla hajaanza.

Kuhusu mtoto wa pili, sioni katika barua yako kitu cha kukukataza, isipokuwa daktari akikuta ile shida ya mishipa. Homoni za ujauzito hulegeza viungo vya kila mwanamke. Wewe ulianza ukiwa tayari umelegea, na hukuwa na misuli ya kukushika. Kwa hiyo jenga misuli kwanza, hata mwaka mzima, ndipo mbebe mimba. Ukishika, wahi kliniki, mweleze mkunga habari ya nyonga na bega, ili miguu yako isivutwe na kutanuliwa ovyo wakati wa kujifungua. Usikae mbali na hospitali siku zikikaribia, maana uchungu wa wengine kama wewe huenda kasi. Na wale watakaokuja kukukanda kwa maji ya moto baada ya uzazi, maji ni sawa yasipounguza, lakini wasikuvute viungo. Waambie mapema, kwa heshima, kabla sufuria haijachemka.

Mama mkwe usishindane naye kwa maneno. Ana haki ya kushangaa. Ameona viungo vinavyouma kwa uzee, lakini habari ya bega la mama kijana linalotoka na kurudi hajapata kuelezwa. Mume wako aende nawe kwa mtaalamu, asikie kwa masikio yake, na yeye ndiye amweleze mama yake. Lililoharibika kwa maneno ya daktari mbele yake, litengenezwe vivyo hivyo.

Sasa binti. Hali hii hupita katika ukoo, na mzazi mmoja anatosha kuirithisha. Usimtoe kwenye ngoma. Kuruka, kupiga ngoma ya muheme, kutikisa mabega kwa mdundo, hivyo vinamjengea ule mkanda. Kinachokoma leo ni maonyesho: mguu nyuma ya shingo, msamba wa kusukumwa na mwalimu, vidole vya kupindwa wageni wapige makofi. Akielewa kwamba hakatazwi kwa kosa lake, ataacha. Maumivu ya miguu usiku kwa mtoto anayeamka akikimbia mara nyingi si ya kutisha, mkande na umlaze. Lakini nenda naye kituo cha afya akipata homa, kiungo kikivimba, akichechemea asubuhi au mguu ukiuma ule ule mmoja kila siku, na kama hajawahi kupimwa selimundu, apimwe. Kalamu yake izungushie kitambaa na uzi iwe nene kama kidole chako.

Kwa mwalimu andika barua, usiende kwa hasira. Iwe fupi, unaweza kunakili hii:

"Mwalimu, mwanangu ana viungo vilegevu vya kurithi. Vidole vyake huchoka haraka akiandika na miguu humuuma akisimama muda mrefu. Naomba apewe muda zaidi wa kunakili, aruhusiwe kukaa mstarini ukirefuka, asipigishwe magoti wala kuchuchumaa, na asinyooshwe kwa nguvu kwenye sarakasi. Michezo na ngoma nyingine naomba aendelee. Nipo tayari kuja tuzungumze siku utakayopanga."

Mpe mwalimu wa darasa na nakala moja kwa mwalimu mkuu. Ukishapata cheti cha daktari, kiambatanishe.